Mchoraji Giovanni Fattori na Ufundishaji wa Kuchora Katika Shule za Msingi

1. UTANGULIZI

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza aghalabu hukuta kwamba somo la kuchora limewekwa mwisho wa siku, baada ya masomo yanayohesabiwa kuwa mazito. Huingia darasani, akachora nyumba ubaoni, ubavuni mwa nyumba akachora mti, na juu ya mti akachora jua lenye miale. Kisha huwaagiza watoto wachore vivyo hivyo. Kipindi kinapokwisha hukusanya madaftari na kukuta nyumba arobaini zinazofanana kama matofali ya kalibu moja. Darasa limekuwa kimya, kazi ni safi, na mwalimu mkuu apitapo dirishani huridhika. Lakini hapana budi tujiulize: katika muda huo wote mtoto ametazama nini? Ametazama ubao. Nyumba ya kwao, mti ulio nje ya darasa, na kivuli cha mti huo, hakuvitazama hata kidogo.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Giovanni Fattori, mchoraji wa Kiitalia wa karne ya 19, ambaye alipigania jambo hilo hilo katika nchi yake: kwamba mchoraji achore kile anachokiona, wala asichore kile alichozoeshwa kukichora. Fattori anatufaa sisi walimu kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa wachoraji wakubwa wa mtindo wa uhalisi katika Italia. Pili, yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Alifundisha katika Akademia ya Sanaa ya Florence tangu mwaka 1869 hadi uzeeni. Tutaona alivyojifunza, alivyofanya kazi, alivyofundisha na mahali ambapo ualimu wake ulijaribiwa. Kisha tutatoa mfano wa somo unaoweza kutumika katika darasa la shule ya msingi.

2. MAISHA YAKE

Giovanni Fattori alizaliwa tarehe 6 Septemba 1825 katika mji wa Livorno, bandari iliyo katika jimbo la Toscana. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika falme na tawala ndogo ndogo, na sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa chini ya Austria. Elimu yake ya vitabu ilikuwa ndogo, na hata alipokuwa mzee mwenye sifa hakuona haya kulikiri hilo. Kuchora alianza kufundishwa mjini kwao na Giuseppe Baldini, na mwaka 1846 akaenda Florence kusoma kwa Giuseppe Bezzuoli, mwalimu aliyeheshimiwa sana katika Akademia.

Mafunzo ya Akademia ya siku zile yalikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya mabwana wa zamani, kisha akanakili sanamu za plasta, kisha akachora mwili wa mtu hai. Mwishowe alitunga picha kubwa za visa vya kale: wafalme, mashujaa, na watakatifu waliovikwa mavazi ya maigizo. Mwanga katika picha hizo ulikuwa mwanga wa chumbani, na rangi zilisuguliwa mpaka alama ya brashi isionekane.

Mwaka 1848 mapinduzi yaliitikisa Ulaya. Fattori, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, aliacha masomo kwa muda akawa mgawaji wa vipeperushi vya wapinzani wa Austria. Mwaka uliofuata mji wake wa Livorno ulishambuliwa na majeshi ya Austria. Hivyo vita kwake havikuwa kisa cha kitabuni. Alivijua kwa macho yake. Neno hili tulikumbuke, kwa maana litatusaidia kuzielewa picha zake.

Aliporudi masomoni alianza kuhudhuria barazani kwa wachoraji vijana waliokutana katika mkahawa wa Florence ulioitwa Caffè Michelangiolo. Humo walibishana juu ya siasa na sanaa Telemaco Signorini, Silvestro Lega, Odoardo Borrani na wengineo. Hata hivyo Fattori hakuwa mwepesi wa kubadilika. Hadi alipofikia umri wa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa bado anachora visa vya kale kama alivyofundishwa.

Mwaka 1859 ndio uliomgeuza. Mtawala wa Toscana aliondoka, na majeshi ya Ufaransa yaliyokuja kuisaidia Italia dhidi ya Austria yakapiga kambi katika uwanja wa Cascine huko Florence. Fattori alikwenda kuwachora askari hao papo hapo, katika mwanga wa mchana, juu ya vibao vidogo. Katika mwaka huo huo alikutana na mchoraji Nino Costa kutoka Roma, ambaye alimhimiza aiache njia ya zamani na kuyafuata maumbile kama yalivyo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Mwanachuo anayedhani kwamba amechelewa kujifunza kuchora na autafakari umri huo.

3. MAANA YA “MABAKA”

Kundi la Fattori na wenzake hujulikana kwa jina la Macchiaioli. Jina hilo lilitolewa kwa dhihaka gazetini mwaka 1862, nao wakalipokea na kulivaa. Katika Kiitalia neno macchia lina maana ya doa au baka. Aidha lina maana ya kichaka, mahali wajifichapo wahalifu. Mwandishi aliyewaita hivyo alikusudia kusema kwamba hawa si wachoraji, ni wapakaza madoa, na pengine ni wahuni pia.

Lakini katika dhihaka hiyo mlikuwa na ukweli. Tukitazama ukuta mweupe unaopigwa na jua, huku nyuma yake pakiwa na mbingu ya buluu, hatuoni mstari wowote uliochorwa baina ya viwili hivyo. Tunaona baka jeupe likikutana na baka la buluu. Mstari ni njia yetu ya kukumbuka mpaka huo. Haumo katika vitu vyenyewe. Macchiaioli walisema kwamba kazi ya kwanza ya mchoraji ni kuyaona mabaka hayo ya mwanga na kivuli, kuyapima moja dhidi ya jingine, na kuyaweka mahali pake kwa ukweli. Umbo litatokea lenyewe. Ili kurahisisha kazi ya macho, baadhi yao walikuwa wakiitazama mandhari katika kioo cheusi, ambacho hupunguza wingi wa rangi na kuacha tofauti kubwa za mwanga na giza zionekane dhahiri.

Walifanya majaribio yao nje, juu ya vibao vidogo vilivyobebeka kwa urahisi. Hata vifuniko vya masanduku ya sigara walivitumia. Udogo huo ulikuwa na faida yake. Mtu mwenye kibao cha upana wa kiganja hana nafasi ya kuchora kila jani la mti. Analazimika kuamua lililo kubwa ni lipi.

4. BAADHI YA PICHA ZAKE

(a) Kambi ya Waitalia baada ya mapigano ya Magenta. Mwaka 1859 serikali ya muda ya Toscana, iliyoongozwa na Bettino Ricasoli, ilitangaza mashindano ya picha za kuadhimisha vita vya ukombozi. Fattori alishinda kwa picha ya Magenta, mahali palipopiganwa tarehe 4 Juni 1859, na akaikamilisha mwaka 1862. Ni picha kubwa, yenye upana unaokaribia mita tatu na nusu. Mtu angetazamia kuona bendera, panga na jemadari juu ya farasi mweupe. Fattori hakuchora hivyo. Alichora saa iliyofuata mapigano: gari la majeruhi, masista wanaowahudumia, na askari waliochoka. Alipewa nafasi ya kuusifu ushindi, naye akauliza umegharimu nini.

(b) Rotonda ya Palmieri. Picha hii ya mwaka 1866 ina urefu wa sentimita 12 tu na upana wa sentimita 35. Yaonyesha wanawake walioketi chini ya turubai la kivuli kando ya bahari huko Livorno. Nyuso zao hazionekani vema. Picha nzima imejengwa kwa mikanda michache iliyolala: mkanda wa kivuli, mkanda wa ardhi, mkanda wa bahari. Lakini joto la mchana na utulivu wa pwani vimo vyote. Siku hizo Fattori alikuwa amerudi Livorno, na mkewe Settimia alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alifariki mwaka 1867. Anayeijua habari hiyo huuona utulivu wa picha hii kwa jicho jingine.

(c) Askari wa doria. Katika picha hii ya karibu mwaka 1872 kuna askari farasi, ukuta mrefu mweupe, na uwanja mtupu. Hakuna tukio lolote. Farasi na mpanda farasi aliye karibu na ukuta ni baka jeusi juu ya baka jeupe, na kivuli chake kimekatwa kikali kwa jua. Mtazamaji anahisi upweke na kungoja, mambo ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya askari.

(d) Aliyenaswa na kikuku. Picha hii ni ya mwaka 1880. Farasi anakimbia katika barabara tupu, akimburura mpanda farasi ambaye mguu wake umenaswa katika kikuku cha tandiko. Hakuna anayeshuhudia. Barabarani umebaki mstari wa damu.

Mbali na askari, Fattori alichora wakulima, wachunga ng'ombe, punda, na hasa maksai wenye pembe ndefu wa Maremma. Maremma ni nchi ya pwani iliyo kusini mwa Toscana, ambayo zama hizo ilikuwa na malaria nyingi na maisha magumu. Mwaka 1882 alikaa huko katika shamba la Marsiliana, mali ya ukoo wa Corsini, na michoro aliyoifanya ilimpatia mada kwa miaka mingi, kama vile picha ya kutiwa alama kwa ndama madume ya mwaka 1887. Alikwenda na kijidaftari chake, akayaandika kwa kalamu ya risasi mambo madogo: namna maksai anavyoinama, namna mtu anavyoegemea fimbo. Katika uzee wake alifanya pia michoro mingi ya kuchongwa kwa asidi juu ya bamba la madini, kisha ikapigwa chapa. Tajiri hakuwa. Alifariki Florence tarehe 30 Agosti 1908, na jumba la makumbusho la mji wa Livorno linaitwa kwa jina lake.

5. FATTORI MWALIMU

Fattori alianza kufundisha katika Akademia ile ile ambayo desturi zake alikuwa ameziacha. Shauri lake kwa vijana lilikuwa moja: wayatazame maumbile kwa macho yao wenyewe, wala wasiwe vivuli vya mtu mwingine. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake alikuwa Giuseppe Pellizza da Volpedo, ambaye mwaka 1901 alikamilisha picha kubwa ya wafanyakazi wanaotembea bega kwa bega, iitwayo Il Quarto Stato. Picha hiyo haifanani na picha za Fattori. Imepakwa kwa vijistari vya rangi visivyochanganywa. Lakini wale watu waliosimamia picha hiyo walikuwa wakulima wa kijiji cha Pellizza mwenyewe, na hapo ndipo mkono wa mwalimu unapoonekana.

Hata hivyo, ualimu wa namna hii una mtihani wake. Baadhi ya wanafunzi wa Fattori walianza kuvutwa na wachoraji wapya wa Ufaransa, waliochora kwa rangi nyepesi zinazometameta. Mwaka 1891 mzee aliwaandikia barua akiwaonya kwamba wanageuka watumishi wa Wafaransa hao. Alikuwa na haki ya kuonya, kwa kuwa alichukia uigaji wa aina yoyote. Lakini wanafunzi nao walikuwa na hoja: walikuwa wameambiwa wayafuate macho yao, na macho yao yaliona rangi ambazo mwalimu hakuziona. Plinio Nomellini, mmoja wao, hakurudi nyuma, akawa mchoraji wa kutajika kwa njia yake mwenyewe.

Habari hii yatugusa sote. Ni rahisi kumwambia mtoto, “Chora unavyoona.” Ni vigumu kuipokea kazi yake pale anapoona tofauti na sisi. Mwalimu anayetoa uhuru hana budi kujiandaa kuyakuta matokeo ambayo hakuyapanga.

6. MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na maelezo hayo mwanachuo aweza kupata mambo matatu.

Kwanza, kunakili kuna nafasi yake, bali si nafasi ya kwanza. Fattori mwenyewe alinakili kwa miaka mingi, na mkono wake ulipata nguvu kwa kazi hiyo. Kosa ni kumfanya mtoto anakili kabla hajatazama, hata akaamini kwamba mti ni ile alama iliyochorwa ubaoni.

Pili, somo la kutazama halihitaji vifaa vya gharama. Mkaa wa jikoni, chokaa, udongo mwekundu na vipande vya boksi vinatosha. Kama kifuniko cha sanduku la sigara kilimtosha bingwa, kipande cha boksi hakiwezi kuwa aibu kwa mwanafunzi.

Tatu, mada isitafutwe mbali. Maksai, ukuta, mtu aliyechoka: hayo ndiyo yaliyoijenga heshima ya Fattori. Mtoto anayechora ndoo ya maji anayoibeba kila siku ana ujuzi ambao hakuna kitabu kitakachompa.

7. MFANO WA SOMO

Darasa: la Tano. Muda: vipindi viwili vilivyofuatana.

Shabaha: Mwisho wa somo kila mtoto aweze kutambua sehemu ya mwanga na sehemu ya kivuli katika kitu kimoja, na kuzionyesha kwa mabaka, bila kuanza na mistari.

Vifaa: vipande vya boksi vya ukubwa wa daftari, mkaa, chokaa, na kitu kimoja kikubwa kwa kila kundi, kama vile mtungi, ndoo au kikapu, kilichowekwa nje penye jua la asubuhi au la alasiri. Jua la adhuhuri lisitumike, kwa sababu vivuli huwa vifupi mno.

Hatua ya kwanza: kutazama (dakika kumi). Watoto waketi kukizunguka kitu, wakiwa na mikono mitupu. Mwalimu aulize: Upande gani una mwanga mwingi? Kivuli kinalala wapi? Je, kivuli kilicho juu ya mtungi ni cheusi sawa na kivuli kilicho ardhini? Kisha awaagize wafinye macho nusu. Watagundua kwamba mambo madogo yametoweka na mabaka makubwa yamebaki.

Hatua ya pili: kuweka mabaka (dakika ishirini). Boksi lenyewe lina rangi ya kahawia, nayo itumike kama rangi ya kati. Watoto wapake kivuli kwa ubavu wa mkaa, kisha wapake mwanga kwa chokaa. Mwalimu asichore ubaoni, wala asishike mkono wa mtoto. Akiona mtoto amekwama asimwambie “chora hivi”, bali amrudishe kwenye kitu: “Hebu kitazame tena. Hapa pana giza kuliko pale, au sivyo?”

Hatua ya tatu: kulinganisha (dakika kumi na tano). Kazi zote zipangwe chini mbele ya darasa. Kwa kuwa watoto waliketi pande mbalimbali, michoro itatofautiana. Mwalimu achukue miwili isiyofanana na kuuliza ni upi ulio sahihi. Baada ya mabishano darasa litafikia jibu lenyewe: yote miwili, kwa maana kila mmoja aliketi mahali pake. Huenda hili ndilo funzo kubwa la siku.

Hatua ya nne: kumalizia. Watoto waandike sentensi mbili juu ya jambo moja walilolikuta katika kitu hicho, ambalo hawakuwahi kuliona kabla.

Kusahihisha: Mwalimu asitoe alama kwa usafi peke yake. Ajiulize: Je, mwanga umewekwa upande wake wa kweli? Je, tofauti ya giza na mwanga imepimwa? Je, kuna dalili kwamba mtoto alitazama tena na kurekebisha? Mchoro wenye alama za kufutwa na kurudiwa waweza kuwa bora kuliko ule safi uliofanywa bila kuinua macho.

8. HITIMISHO

Wako watakaosema kwamba somo la namna hii lapoteza muda, na kwamba mtoto wa shule ya msingi hatakuwa mchoraji. Ni kweli kwamba wengi hawatakuwa wachoraji. Lakini wote watakuwa watu wenye macho. Mtoto aliyezoea kukiangalia kitu mpaka akione kilivyo, atakiangalia hivyo hivyo kidonda, shina la mhindi, na maneno ya mtu anayemwahidi makubwa. Fattori alipewa kazi ya kuchora ushindi, akawaona majeruhi. Macho ya namna hiyo hayazaliwi yakiwa tayari. Hufundishwa, na kazi ya kuyafundisha ni yetu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza kwa nini jina la Macchiaioli lilikuwa dhihaka, na jinsi lilivyokuwa maelezo sahihi ya kazi yao.

2. “Kunakili humpa mtoto mkono, kutazama humpa macho.” Jadili, ukionyesha nafasi ya kila kimoja katika azimio la kazi la muhula mmoja.

3. Mwanafunzi wako amepaka kivuli kwa rangi ya zambarau, naye asema ndivyo alivyokiona. Utamjibuje? Linganisha jibu lako na onyo la Fattori kwa wanafunzi wake mwaka 1891.

4. Andika andalio la somo la kuchora kwa darasa la Tatu, ukitumia kitu kinachopatikana katika mazingira ya chuo chako. Lijaribu pamoja na wenzako kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha.